Mkubwa akishasema, nani tena anawaza?

Hakuna mtu mzima Usukumani asiyejua moshi unafanya nini kwenye macho. Mama kapikia kuni miaka na miaka, kuni zikiadimika anapikia mabua ya pamba au mavi makavu ya ng'ombe, jiko lenyewe kijumba kisicho na dirisha la maana, akifika uzeeni macho yameshakuwa mekundu. Hiyo haihitaji daktari, hata mtoto aliyetumwa kupuliza moto anatoka pale anafikicha macho na anajua kabisa kilichomuuma ni nini. Sasa ilikuwaje kwa miaka mingi huku Kanda ya Ziwa, Shinyanga, Geita, Simiyu na Mwanza yetu hii, vikongwe wakawa wanakatwa mapanga kwa sababu ya macho hayohayo mekundu, tena wanaowakata au wanaowalipa wakataji ni watu waliolelewa kwenye jiko lilelile na moshi uleule?

Jibu la haraka, na watu wa mjini wanalipenda sana, ni ujinga. Mi silikubali. Mjinga ni asiyejua, hawa walikuwa wanajua. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba mtoto kafa ghafla, au mifugo imepukutika, au saa ingine (tusifichane) kuna shamba la bibi linamezewa mate, ndugu wanakwenda kwa mganga, mganga anapiga ramli, anasema aliyewafanyia hivi ni mwanamke mtu mzima, hayuko mbali na boma lenu, macho yake mekundu. Imeisha hiyo. Ile elimu ya moshi haikufutika kichwani mwa mtu yeyote pale, ipo, ila hakuna aliyeiita ije kutoa ushahidi.

Hapo ndipo mi naona pa kuchambua, maana wataalamu wa ubongo nao wamekuwa wanauliza swali hilohilo kwa njia yao: mtu tunayemwamini akiongea, ile sehemu yetu inayohoji inakwenda wapi?

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus kule Denmark, kiongozi wao Uffe Schjødt, walichukua makundi mawili. Kundi la kwanza Wakristo wanaoamini kabisa kwamba wapo watu wenye karama ya kuponya kwa maombi, kundi la pili watu wasio na habari na dini. Wakawalaza kwenye mashine ya MRI, ile inayoonyesha damu inakimbilia wapi kwenye ubongo wakati mtu anafanya kitu fulani, wakawasikilizisha maombi yaliyorekodiwa. Kabla ya ombi wanaambiwa anayeomba ni nani: huyu si Mkristo, huyu ni Mkristo wa kawaida, huyu ni Mkristo anayejulikana kwa kuponya watu. Ujanja wa jaribio uko hapa, wote waliosoma yale maombi walikuwa Wakristo wa kawaida tu, hakuna mponyaji hata mmoja humo ndani. Kilichokuwa kinabadilika ni utambulisho peke yake. Na kwa wale waumini, walipoambiwa anayeomba ni mponyaji, sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyoko nyuma ya paji la uso ambayo tunaitumia kupima na kulinganisha na kushtukia mambo, ikapunguza kazi. Wale wasioamini hawakuwa na mabadiliko hayo. Halafu kuna kipande ambacho mi ndicho kilichonikamata zaidi, kadiri sehemu ile ilivyopunguza kazi kwa muumini fulani, ndivyo baadaye alivyosema kwamba yule msomaji ana mvuto, na kwamba yeye mwenyewe wakati wa ombi alihisi uwepo wa Mungu.

Soma hiyo tena taratibu. Sisi tunadhani mtu ana mvuto kwanza ndio tunalegea. Hapa inaonekana yawezekana tunalegea kwanza, kwa cheo tu tulichoambiwa, halafu ule ulegevu wetu tunamuandikia yeye kama sifa yake. Sisemi imethibitika, ni utafiti mmoja wa watu wachache na picha ya damu kwenye ubongo si picha ya mawazo, mwenye akili asije akabeba hii akaenda kumtukania nayo mama yake anayesali. Ila nenda viwanja vya Furahisha siku yoyote yenye mkutano mkubwa, uwe wa siasa au wa injili, uangalie muda unaotumika kumtambulisha mgeni kabla hajafungua mdomo. Ma-MC wa Mwanza walishalijua hili zamani bila mashine yoyote.

Na usidhani ni mambo ya dini tu. Miaka miwili kabla ya hapo, 2009, kule Atlanta Marekani, Jan Engelmann na Gregory Berns na wenzao wa Chuo Kikuu cha Emory waliwaweka watu kwenye mashine hiyohiyo wakawapa kazi ya pesa: chagua hela kidogo ya uhakika au cheza bahati nasibu yenye hela nyingi. Mara nyingine wanaachwa waamue wenyewe, mara nyingine pembeni kwenye skrini unatokea ushauri wa profesa wa uchumi ambaye wameshaambiwa CV yake nzima, kwamba ni mtu aliyewahi kuishauri benki kuu ya Marekani. Mtu akiamua mwenyewe, zile sehemu za ubongo zinazopima thamani na hatari zinaonekana zinapanda na kushuka kufuatana na namba zilizoko mbele yake, yani unaona kabisa hesabu inapigwa. Ushauri wa profesa ukitokea, ule uhusiano na namba unapotea. Mtu bado yuko macho, bado anabonyeza kitufe, ila hesabu kamuachia mwingine. Na ushauri wenyewe ulikuwa wa tahadhari kupita kiasi, haukuwa wa kumletea pesa nyingi zaidi, kwa hiyo hata hoja kwamba "walifuata kwa sababu ulikuwa bora" haisimami vizuri.

Kwa hiyo zile stori za vijiweni kwamba ukimwamini mtu ubongo unazima, hapana. Ubongo unakabidhi kazi. Ni kama abiria aliyepanda daladala Buzuruga akamwambia konda niamshe Nyegezi, akaegemeza kichwa kwenye kioo akalala: hajawa mjinga, kafanya mahesabu kwamba kuna mtu anayeangalia njia. Na mara nyingi kweli anaamka Nyegezi.

Tena lazima ubongo ufanye hivyo. Hicho kiungo kina kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini kinakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote mtu anazotumia akiwa ametulia, kingekuwa kinahoji kila kitu kuanzia asubuhi, dawa ya meno, maji, nauli, habari ya redioni, tusingefika hata saa nne. Na kuna sababu nyingine ya ndani zaidi, ambayo ushahidi wake mmoja mzuri umetoka humuhumu kwenye ziwa letu.

Upande wa Uganda, si mbali na Entebbe, kuna kisiwa kinaitwa Ngamba, ni makazi ya sokwe waliookolewa. Mwaka 2005 Victoria Horner na Andrew Whiten walitoa matokeo ya jaribio walilofanya na sokwe wa pale. Kuna sanduku lina chakula ndani, mtafiti anamuonyesha sokwe jinsi ya kulifungua kwa fimbo, hatua nyingine za maana na nyingine za bure kabisa, mfano kuchomeka fimbo kwenye tundu la juu ambako haifiki hata karibu na chakula. Sanduku likiwa jeusi, ndani hakuonekani, sokwe wakaiga vyote. Likiwa la kuonyesha ndani, wakaona kwamba zile mbwembwe za juu hazifanyi kitu, wakaziruka, wakaenda moja kwa moja kwenye chakula. Halafu wakafanyiwa hivyohivyo watoto wa Scotland wa miaka 3 na 4. Watoto wakaiga vyote, sanduku jeusi na la kuonyesha ndani pia, wanaona kwa macho yao kabisa kwamba ile hatua haisaidii na bado wanaifanya kwa sababu mkubwa kaifanya.

Ukicheka hapo ujue unajicheka. Na kabla hujasema sokwe ana akili kutuzidi, nenda Ukerewe ukamuulize bibi jinsi ya kuandaa muhogo mchungu. Atakwambia menya, loweka siku kadhaa au vundika, anika hadi ukauke, ndio utwange. Atakwambia kwa sababu ndivyo inavyofanywa, habari ya sumu ya sianidi iliyomo kwenye muhogo haimo kwenye maelezo yake, mama yake naye hakumwambia. Mtoto mwenye "fikra huru" anayeruka hatua asizoona maana yake, hapo anakula ugali mmoja mbaya sana. Vizazi na vizazi vya watu wa visiwani wamepona kwa sababu watoto waliiga mambo wasiyoyaelewa kutoka kwa watu waliowaamini. Huu uaminifu kwa wakubwa ndio uliotufikisha hapa, ni utajiri, na mtu anayewaandikia watu "acheni kuamini, fikirini wenyewe" kana kwamba hivyo vitu viwili vinaweza kutenganishwa hajui anachoongea.

Hata hao watoto wenyewe hawaamini ovyo. Majaribio ya kina Melissa Koenig na Paul Harris kuanzia 2004 yalionyesha mtoto wa miaka minne, ukimpa watu wawili, mmoja alishawahi kuita vitu kwa majina ya uongo mbele yake na mwingine hakukosea, anakwenda kumuuliza yule aliyekuwa sahihi. Yani tunazaliwa na daftari la kuweka rekodi za watu.

Tatizo ni kwamba daftari lenyewe likishaandikwa jina la mkubwa linaanza kuharibika. Bradley Doll na Michael Frank na wenzao, 2009 tena, waliwapa watu mchezo wa kujifunza alama ipi inalipa na ipi hailipi, kwa kujaribu tu, unapata unakosa unapata unakosa. Lakini kabla ya kuanza wakawadanganya kuhusu alama mojawapo, wakaambiwa hii ni nzuri wakati kumbe ni mbovu. Watu wakaendelea kuichagua hata baada ya kupoteza na kupoteza tena. Na maelezo yaliyokaa vizuri zaidi na matokeo yale ni kwamba kila alama ile ilipolipa, hata kwa bahati, ubongo uliuhesabu ushindi huo zaidi ya thamani yake, na ilipokula hela, hasara ikahesabiwa pungufu. Sasa hapa ndio mambo yanakuwa mazito, kwa sababu inamaanisha kwamba neno la mkubwa halikai pembeni likisubiri ushahidi uje ulipime. Linaingia jikoni, linachagua ushahidi upi uive.

Ukielewa hilo ndio unaelewa DECI, ule mchezo wa upatu uliokusanya hela za watu. Wale mliokuwa watu wazima 2008 na 2009 mnakumbuka, watu wanapanda "mbegu" wanasubiri "mavuno", lugha yote ya kanisani na waliokuwa mbele wakiongoza ni watumishi wa Mungu. Jirani akivuna, mtaa mzima unajua, anapita na pikipiki mpya. Jirani akicheleweshewa, kakosa imani au foleni ni ndefu. Hakuna mtu aliyehitaji digrii kujua kwamba hela haiwezi kuzaa kwa kukaa kwenye ofisi ya mtu, machinga wa Makoroboi anajua hilo kuliko profesa. Lakini ushindi ulihesabiwa kwa kalamu nene na hasara kwa penseli, mpaka 2009 serikali ilipoifunga.

Halafu kuna hatua ya mbele zaidi, pale mkubwa asipokushauri tu bali anakuamuru. Emilie Caspar na Patrick Haggard na wenzao, utafiti wa London na Brussels uliotoka 2016, waliwakalisha watu wawiliwawili, mmoja anaweza kumpiga mwenzake shoti ndogo ya umeme akapata hela kidogo, mara anaamua mwenyewe, mara mtafiti anamwambia fanya. Akibonyeza kitufe inalia mlio. Wakaulizwa wakadirie muda kati ya kubonyeza na mlio. Mtu akiamua mwenyewe anauona muda huo mfupi, kitendo na matokeo vimekaribiana, ni vyangu. Akiamriwa, muda unarefuka kichwani, karibu na vile mtu anavyohisi kidole chake kikisukumwa na mtu mwingine. Na umeme wa ubongo unaoitika ule mlio ukapungua. Utafiti mwingine wa Caspar na wenzake wa Uholanzi, 2020, ukaonyesha kwamba ukimpiga mtu shoti kwa amri, zile sehemu za ubongo wako zinazoumia pamoja na mwenzako zinaitika kidogo kuliko ukiamua mwenyewe, wakati shoti ni ileile. Baadaye huyu dada akabeba vifaa vyake hadi Rwanda, kuongea na kupima watu wa nchi ambayo mwaka 1994 maiti zake zilikuja na mto Kagera mpaka kwenye ziwa hili, wavuvi wa wakati ule hawahitaji kuelezwa. Mtu anaposema "nilitumwa tu" mi huwa nakasirika kama wewe, ila inaonekana saa ingine anaelezea kitu kilichotokea kweli ndani yake. Hakimpunguzii hatia. Kinatuambia tu tusitegemee kwamba dhamira itamshika mkono dakika ile.

Basi kama ni hivyo, nini kinaiamsha ile sehemu ya mbele? Elimu? Watu wanapenda sana kusema elimu. Mi nimekuwa naangalia haya majaribio moja baada ya jingine na sioni elimu ikifanya kazi hiyo, naona kitu kingine, cha kawaida mpaka kinaudhi: mtu wa pili anayesema hapana.

Wote mmesikia jaribio la Stanley Milgram pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1961 na kuendelea. Mtu anaambiwa na mtafiti aliyevaa koti ampige mwenzake shoti kila akikosea jibu, shoti za kuigiza lakini yeye hajui, na katika toleo linalojulikana zaidi 26 kati ya 40 walifika mwisho kabisa, volti 450. Watu wanaishia hapo, wanatikisa kichwa, dah, binadamu wabaya. (Waliofukua nyaraka zake baadaye wamesema kuna washiriki walishtukia mchezo, na ni kweli hilo linapunguza uzito kidogo.) Ila Milgram alifanya matoleo mengi na yale mengine ndiyo yenye utamu. Alipowakalisha washiriki wawili wa bandia pembeni wakagoma kuendelea, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Mtafiti alipotoka chumbani akawa anatoa amri kwa simu, ni kama mmoja kati ya watano aliyefika mwisho. Na alipowaweka watafiti wawili wenye koti, mmoja anasema endelea mwingine anasema acha, hakuna hata mmoja aliyefika mwisho. Hata mmoja. Binadamu ni walewale, mji uleule, hawakupewa semina yoyote ya fikra tunduizi.

Manesi hivyohivyo. Mwaka 1966 Charles Hofling na wenzake Marekani waliandika kwamba daktari asiyejulikana alipiga simu wodini akaamuru mgonjwa apewe miligramu 20 za dawa ambayo kwenye kichupa imeandikwa mwisho ni 10, na manesi 21 kati ya 22 walikuwa njiani kwenda kuitoa walipozuiwa. Mwaka 1977 Steven Rank na Cardell Jacobson wakarudia kwa dawa ambayo manesi wanaifahamu, na wakiwa na nafasi ya kuongea na wenzao. Safari hii ni 2 tu kati ya 18 waliokuwa tayari kutoa. Kuijua dawa kulisaidia, sikatai, ila fikiria nesi anamgeukia mwenzake anasema "dada hebu ona hii dozi", na mwenzake anakunja uso. Ile sekunde ya kukunja uso ndiyo ninayoizungumzia.

Mwaka huohuo wa 1977, tarehe 27 Machi, uwanja wa ndege wa Tenerife kwenye ukungu, ndege ya KLM ilianza kuruka bila ruhusa na kuivaa ya Pan Am, watu 583 wakafa. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mkufunzi wa marubani na sura yake ilikuwa kwenye matangazo ya kampuni. Fundi wa ndege aliyekaa nyuma yake aliuliza kwamba hivi yule wa Pan Am ameshatoka njiani? Akajibiwa ndiyo, kwa msisitizo. Akanyamaza. Alikuwa na swali sahihi kabisa, mdomoni tayari, likarudi ndani. Usafiri wa anga baada ya hapo haukuwaambia marubani wadogo wawe na akili zaidi, uliwafundisha kusema mara ya pili na ya tatu, na ukawafundisha wakubwa kwamba kuhojiwa na mdogo ni sehemu ya kazi.

Sasa nirudi kwetu. Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri dagaa wakiingia. Mvuvi na mchuuzi wa pale hamwamini mwenye mzani hata kidogo, anaangalia mshale, anauliza bei kwa wa pili, anauliza kwa wa tatu, anamwambia bwana mkubwa huo mzani wako una njaa. Halafu mtu huyohuyo jioni akienda kwa mganga anapokea kila neno. Ubongo ni uleule. Tofauti ni kwamba mwaloni kuna wanunuzi wengi wanaopingana kwa sauti, hakuna mmoja anayeruhusiwa kuwa ndiye neno la mwisho. Kwa mganga unakwenda peke yako au na ndugu mliokubaliana tayari, mara nyingi usiku, kwa siri, na anayehusika zaidi, yule bibi, hayupo na wala hajui kama anajadiliwa. Hakuna hata mtu wa kukunja uso. Mwanzoni mwa 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, hasa kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na mi sina ugomvi na marufuku ile. Ila marufuku inanyamazisha sauti ya kwanza, hailei ya pili, na sauti ya kwanza ina tabia ya kuhamia kijiji cha jirani.

Na hapa kuna mtego ambao watu wengi hawauoni, kwamba sauti nyingi si lazima ziwe sauti mbili. Mwaka huohuo 2011 watafiti wa Aarhus wanatoa matokeo yao, sisi tulikuwa njiani kwenda Loliondo. Mchungaji mstaafu wa KKKT, marehemu Ambilikile Masapila, Babu, alisema Mungu amemuotesha dawa, kikombe shilingi 500, na magari kutoka Mwanza, Musoma, Arusha, Nairobi yakapanga foleni ya kilomita na kilomita kuingia kijiji cha Samunge. Babu mwenyewe sina neno baya naye, mia tano hazimtajirishi mtu haraka. Ila angalia sauti zilizokuwepo. Viongozi wa serikali walipigwa picha wakinywa, wapo viongozi wa dini waliobariki, na wizara ikasema kikombe hakina madhara, mtaani ikasikika kinaponya. Ukihesabu ni watu wengi wenye vyeo. Ukichunguza wote wanaangaliana wao kwa wao, kila mmoja kalala begani kwa mwenzake, hakuna aliyepima peke yake kama kweli kinaponya. Wagonjwa wa UKIMWI wakaacha dawa zao. Waliokuwa wanasema subirini kwanza walikuwepo, lakini walisema kwa sauti ya chini, kwa sababu nani anataka kuonekana anampinga mtumishi wa Mungu na waziri kwa siku moja.

Kwa hiyo nikisema sauti ya pili namaanisha mtu asiyekula meza moja na wa kwanza, na ambaye akisema hapana hafukuzwi kazi.

Wapo wazee watakaosema huku ni kuwafundisha watoto utovu wa adabu. Kwa heshima zote, shikamooni, lakini kwenye chumba cha rubani kapteni bado ni kapteni na hakuna anayemwita kwa jina la utani. Na shule zetu ambako mtoto akisema "mwalimu hapo ubaoni umekosea" anaweza kulipia kwa matako, sijui tunategemea nini akishakuwa nesi au fundi wa meli.

Meli. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, siku ya gulio, watu na mizigo yao wanarudi nyumbani. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228, zaidi ya mara mbili ya waliotakiwa kuwemo, na hapo hujahesabu waliopona. Kila aliyepanda pale aliona kwa macho kwamba chombo kimejaa, watu wa visiwani wanajua maji kuliko mtu yeyote, lakini tiketi imekatwa, kamba haijafunguliwa, mwenye chombo cha serikali kasema pandeni, na chombo kingine cha kwenda nyumbani siku hiyo hakuna. Unataka abiria mwenye gunia na mtoto mgongoni ndiye awe sauti ya pili? Haiwezekani, na si haki kumdai hivyo.

Mi ningeweka mtu wa pili gatini, Bugolora, Kamanga, Nansio, kila sehemu, asiyelipwa na mwenye chombo, kazi yake kuhesabu vichwa tu na kuwa na ruhusa ya kusimamisha safari bila kumpigia simu bosi wa mtu yeyote. Na kama mtanijibu kwamba mtu huyo yupo tayari, basi tubandikiwe pale kwenye ubao wa nauli mwaka huu amesimamisha safari mara ngapi.